Vyura Waliooshwa kwa Sabuni

Kazi yangu ya kwanza katika maabara ya Voi ilikuwa kuosha chupa. Nilifika na cheti changu nimekifunga kwenye karatasi ya nailoni kisilowe jasho, nimevaa viatu vya kisigino, na Mzee Mwakio, aliyekuwa mkuu wa maabara, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasema, "Karibu, Zainabu. Sinki liko pale." Viatu vile sikuvivaa tena kazini. Nilikuwa mtoto wa Bomeni, kule Taveta, baba yangu akivusha vitunguu na vitenge mpakani, na nilidhani mtu akisoma sayansi mikono yake hukaa mikavu.

Ninyi vijana mliobaki hapa maabara mmeniuliza mara nyingi kwa nini sikwenda Nairobi kama wenzangu. Mambo ya vyeo nitayaacha. Vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza habari za vyura, za Mzee Mwakio na za Mama Mghoi wa Mghange. Mkishamaliza kusoma mtajijibu.

Mzee Mwakio alikuwa Mdawida wa milimani, mfupi, mwenye koti jeupe ambalo kila kifungo kilitoka kwenye koti lingine. Hakuwa na maneno mengi. Neno alilolipenda ni kontroli. Ninyi mnalijua, lakini nitalieleza kwa ajili ya watu wa nyumbani kwangu watakaosoma hapa. Ukitaka kupima kitu, unaandaa neli mbili, vile vichupa vyembamba vya kioo, zilizo sawa kabisa, ila katika moja hukiweki kile kitu. Hiyo ndiyo kontroli. Ikiwa nayo imebadilika, basi kilicholeta mabadiliko si kitu chako, na furaha yako uirudishe mfukoni. Ungempelekea mzee majibu mazuri kiasi gani, hakuyaangalia. Alinyoosha mkono na kuuliza, "Kontroli iko wapi?" Hata kantini alikuwa hivyo hivyo. Mpishi alipomwuliza kama chai ya leo ni tamu, alijibu kwanza apewe maji matupu. Mpishi alimnunia mpaka Ijumaa.

Miaka ile tulikuwa tukipima malaria, choo, damu na maji ya visima. Sentrifuji yetu, ile mashine ya kuzungusha neli ili vitu vizito vizame chini, ilikuwa na tabia ya kutembea juu ya meza. Tuliifunga mguuni kwa kamba ya katani, maana Voi unaweza kukosa vyote lakini katani hukosi. Umeme ukikatika tulihamisha vitu vya friji kwenye boksi la barafu na kuomba Mungu. Joto la hapa mnalijua. Nilijifunza kazi kwa mikono na masikio. Mpaka leo naweza kuisikia sentrifuji ikiwa imepakiwa vibaya nikiwa nje ya mlango.

Kisha wakaja vyura. Watafiti wa chuo kikuu walikuja kutuomba tushirikiane nao, na wakatueleza jambo ambalo, nawaambia kweli, lilinikamata siku hiyo hiyo na halijaniachia. Chura anaishi kwenye tope lililojaa vijidudu, ngozi yake iko wazi na mbichi, lakini haiozi. Haiozi kwa sababu inajitengenezea dawa. Ndani ya ule ute wake mna peptidi, yaani protini fupi, kama shanga chache zilizotungwa kwenye uzi. Zikikutana na kijidudu zinakishika ganda na kulitoboa. Tena watafiti walikuwa wameona kwamba baadhi ya peptidi za namna hii hutoboa hata seli za saratani, kwa kuwa ganda la seli ya saratani, kwa nje, lina chaji hasi kupita la seli yenye afya, na peptidi ina chaji chanya, basi zinavutana. Mimi nilikuwa nimewapita vyura maisha yangu yote nikikunja uso. Siku ile nilirudi nyumbani na heshima mpya kwao.

Tulipata kibali cha vyura wa kawaida, si wale adimu wa msituni, na sharti kwamba kila mmoja atarudishwa alikotolewa. Mzee Mwakio akatupeleka Mghange, kijiji cha kwao milimani, kwa mama mmoja aliyekuwa na shamba la nduma, yaani magimbi, kando ya kijito. Huyo ndiye Mama Mghoi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya bonde, na alitusikiliza mpaka mwisho amejishika kiuno.

"Mnataka chura," alisema. "Mmetoka Voi, mmepanda hii milima yote, kwa sababu ya chura."

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

"Na nduma hamtaki?"

Tukasema nduma pia tutashukuru. Asubuhi yake akatukabidhi kikapu cha vyura kilichotandikwa majani ya mgomba, na mfuko wa nduma. Tukashuka navyo hadi Voi.

Ute unachukuliwa hivi. Chura unamweka kwenye bakuli la maji safi, unamgusa mgongoni na umeme mdogo sana, wa kumtekenya tu, naye anatoa jasho jeupe kama maji ya mchele. Maji yale unayachuja, unachovya kipande kidogo cha karatasi, unakiweka juu ya sahani iliyopandwa vijidudu. Kesho yake, vijidudu vimetanda sahani nzima kama ukungu. Ikiwa dawa ipo, kuzunguka karatasi utaona duara safi lisilo na kitu.

Kesho yake duara letu lilikuwa kubwa kama kifuniko cha soda. Sahani zote! Kontroli, iliyotiwa maji yetu bila chura, haikuwa na duara hata kidogo. Nilishikwa na furaha nikamkumbatia dada wa usafi. Mzee Mwakio alitabasamu, jambo ambalo Voi tuliliona mara chache kuliko mvua ya Agosti, akatununulia mandazi watu wote. Kitu kimoja tu kilitutatiza: vyura wenyewe walikuwa wamelegea, tukadhani ni uchovu wa safari na joto.

Siku iliyofuata mzee aliingia kazini hana raha. Akasimama mbele ya sahani, akasema, "Kontroli yetu haikusafiri."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba maji yetu yalikaa hapa mezani, lakini vyura walitoka Mghange. Kontroli ya kweli ingetoka Mghange nayo. Akachukua kile kikapu kilichokuwa bado uani, akayasuuza yale majani ya mgomba kwa maji safi, akanipa maji hayo niyapime bila chura yeyote. Kesho yake, duara kama kifuniko cha soda. Mzee akainua jani moja akalinusa.

"Ndimu," akasema.

Tukapanda tena Mghange. Mama Mghoi alikuwa akipalilia nduma.

"Mama, wale vyura," Mzee Mwakio akaanza kwa upole, "uliwafanya nini kabla ya kutupa?"

"Niliwaosha."

"Kwa maji?"

"Kwa sabuni, Mzee. Ile ya kipande, ya ndimu. Maji peke yake ingetoa matope ya nduma?"

"Lakini kwa nini uliwaosha?"

Mama Mghoi akasimamisha jembe. "Wewe ni mtoto wa huku huku, na unaniuliza hiyo? Watu wametoka mbali, wamevaa makoti nyeupe, halafu mimi niwape kitu iko na matope? Nikikupa nduma haijaoshwa, ukifika kwenu utasema nini juu yangu?"

Hata mama mzazi wa Mzee Mwakio angefanya hivyo hivyo. Watu wa milimani hawampi mgeni kitu kichafu, na hakuna aliyewaambia kwamba uchafu ndio tulioufuata. Mzee alianza kucheka polepole, akacheka mpaka akakaa kwenye ukuta wa mawe akishika mbavu. Mama Mghoi alimtazama, akaona anachekwa, akavuta mdomo. Nilipomweleza kwamba sabuni yake ndiyo iliyoua vijidudu vyetu, na kwamba imewadhuru vyura kidogo, naye akacheka, kisha akahuzunika kwa ajili ya vyura. Tuliporudi mara ya tatu alitupa vyura wenye matope hadi machoni, na nduma iliyooshwa ikang'aa.

Duara la vyura wale lilikuwa jembamba kama kucha. Lakini lilikuwa la kweli, na kontroli yake ilikuwa imesafiri. Nililipenda kuliko lile kubwa. Tangu hapo Mama Mghoi akawa mkusanyaji wetu. Alijua kumshika chura bila kumbana, alijua kila mmoja ametoka shimo gani, na aliwarudisha mwenyewe, akiwasemesha Kidawida. Niliposema anawaharibu kwa kuwadekeza, alinijibu kwamba wao angalau hawamwekei umeme mtu mgongoni.

Kazi ilikwenda hivyo kwa miaka mingi. Wenzetu wa Nairobi, wale watafiti wa chuo kikuu, waliuchambua ute ule, wakaitoa peptidi moja yenye nguvu, wakajua shanga zake zimepangwaje, wakaanza kuitengeneza wenyewe bila kuwasumbua vyura. Wakaijaribu juu ya seli za saratani wanazozikuza kwenye chupa. Siku walipotupigia simu kusema seli zimekufa, tulipiga makofi, Mama Mghoi naye akiwapo. Mzee Mwakio alingoja tunyamaze. Akauliza, "Na damu?"

Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa sisi. Peptidi ikitoboa saratani, swali linalofuata ni kama inatutoboa na sisi. Unachukua damu ya mtu mzima wa afya, unaiosha kwa maji ya chumvi mpaka zibaki seli nyekundu peke yake, unatia peptidi, unaacha kwenye joto la mwili, unazungusha. Kama seli zimesalimika, zitazama zote chini na maji juu yatabaki meupe. Kama zimepasuka, rangi itamwagika na neli nzima itakuwa nyekundu.

Yetu ilikuwa nyekundu. Tulirudia, tukarudia tena, ikawa nyekundu vile vile.

Ni wakati huo Mama Mghoi alipofika maabara bila kuitwa. Alikuwa amevaa nguo za kanisani na ameshika kopo safi lenye kifuniko. Alikaa, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

"Nimepatikana na uvimbe kwa titi," akasema. "Daktari amesema ni saratani. Amesema bado ni ndogo, nikienda Mombasa mapema watakata na kunipa zile dawa, naweza kupona. Nikichelewa, itatembea."

Nikamwuliza anakwenda lini.

"Siku yangu ilikuwa juma lililopita. Sikuenda." Akaliweka kopo mezani. "Zainabu, mwanangu, nimewaletea vyura miaka yote na sijawaomba kitu. Dada yangu alienda kwa hizo dawa za hospitali, akarudi hana nywele, hana nguvu, tukamzika. Hapa mna ile ya chura, inaua saratani. Mlisema mbele yangu. Nipeni yangu."

Ni kweli tulisema mbele yake, tena tukipiga makofi. Nilianza kumhubiria, mara majaribio hayajakwisha, mara sheria, na nikaona uso wake unafunga kama duka. Alikuwa anaona tunamnyima. Akitoka pale angekwenda kunywa kitu cha kwanza atakachopewa na jirani, na Mombasa asingefika.

Mzee Mwakio, aliyekuwa amebakiza miezi michache kazini, alinivuta kando. "Acha kumhubiria," akasema. "Mwonyeshe."

Nikamwuliza Mama Mghoi kama ataniruhusu nichukue damu yake kidogo, si kwa ripoti, bali aione mwenyewe. Akakunja mkono wa blauzi. Niliosha zile seli mbele yake, nikaandaa neli mbili, nikampa kalamu aziwekee alama mwenyewe ili asije akasema nimezibadilisha. Moja nikatia peptidi ya chura. Nyingine nikatia maji ya chumvi tu. Tulipokuwa tukisubiri alikubali chai. Mzee Mwakio akakaa naye wakazungumza Kidawida, nami nikadaka nusu. Walikuwa wanazungumzia dada yake.

Sentrifuji iliposimama nilimwachia yeye azitoe neli. Ya maji ya chumvi ilikuwa na damu imetulia chini, juu meupe. Ile nyingine ilikuwa nyekundu yote, kama maji uliyolowekea kitenge kipya.

"Hii ni ya chura?"

"Ndiyo."

"Na hii ni damu yangu, hakuna ya mtu mwingine."

"Ni yako, mama."

Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Imenipasua," akasema.

"Saratani inaiua, sikukudanganya," nikamwambia. "Lakini haikujui. Haijui ipi ni saratani na ipi ni wewe."

Akaiweka neli mezani. "Na ile ya Mombasa, inanijua?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. Mzee Mwakio alikuwa ananitazama. "Haikujui sana," nikasema. "Nywele zitatoka. Utatapika, utachoka. Lakini ile imepimwa kwa watu, wanajua kiasi gani kinaiua saratani na kukuacha wewe hai. Hii yetu hakuna mtu duniani anayejua kiasi chake. Siwezi kukutilia kwenye kopo kitu nisichokijua."

Machozi yalimtoka, na mimi pia yalinitoka, sioni aibu kulisema. Kisha akachukua kopo lake, akafunga kifuniko chake kwa nguvu.

"Basi mimi naenda na ile inajulikana," akasema. "Na hii ifundisheni. Mkimaliza kuifundisha, mniite."

Alikwenda Mombasa wiki hiyo hiyo. Walimkata, wakampa dawa, nywele zikatoka kama nilivyomwambia, na kuna siku alinipigia simu kunitukana tu, nikamwacha anitukane mpaka aishiwe pumzi. Zilipoota tena zilikuwa nyeupe zote. Mwaka ulipita, na mingine, daktari wake akiendelea kumpima na kumkuta salama. Mzee Mwakio alistaafu, kisha tukamzika huko huko milimani. Mama Mghoi ndiye aliyepika siku ile, na hakuruhusu mtu mwingine aoshe vyombo.

Nanyi mkaja, mmoja mmoja, na kompyuta zenu. Mimi huwatania, lakini leo niseme wazi kwamba mmenifurahisha sana. Mlikuwa mnaondoa shanga moja ya peptidi na kuweka nyingine, mnaituma itengenezwe, mnaileta mezani kwangu niipime kwa damu. Mara ipoteze makali, saratani isife. Mara damu ipasuke. Mlivunjika moyo, mkaanza tena. Sijui kama mzee angewasifu kwa maneno, ila angewanunulia mandazi.

Daktari wa Mama Mghoi alipomruhusu, naye alijiandikisha pamoja na watu wanaojitolea damu kwa kipimo kile. Mnamkumbuka anavyoingia na mfuko wa nduma, anakunja mkono, anakaa kwenye kiti cha dirishani kungoja neli yake. Kila mara ilikuwa nyekundu, au nyekundu kiasi. Kila mara alisema, "Haijasoma hiyo," akashuka stejini kupanda gari la Mghange.

Wiki yangu ya mwisho kazini mlinipa ile mpya, ambayo Nairobi walisema imeziua seli za saratani. Niliitia kwenye damu za wote, na ya kwake, kwa mikono hii ambayo ilianza na kuosha chupa. Sentrifuji ya sasa haitembei mezani, lakini niliiegemea tu kwa mazoea. Ikasimama. Nikamwita Mama Mghoi aje azitoe mwenyewe, kama siku ile.

Alishika neli ya peptidi akaiinua dirishani. Damu ilikuwa chini, imetulia. Juu maji yalikuwa meupe.

Ninyi mlianza kupiga kelele. Yeye hakupiga. Aliendelea kuitazama, kisha akaninyooshea mkono wa pili.

"Kontroli iko wapi?"

Nikamwekea ile nyingine kiganjani. Akaziweka pamoja kwenye mwanga, ya chumvi na ya chura, na hapakuwa na tofauti kati ya hizo mbili.

"Bado haijawa dawa, mama," nikamwambia, maana ilikuwa lazima nimwambie. "Kuna njia ndefu. Wanyama kwanza, kisha watu, na inaweza kukwama popote."

"Najua, Zainabu," akasema, bila kuziondolea macho. "Lakini leo imenijua."